Gari la Umeme Likikataa Chaji: Kutafuta Ubovu wa Tundu la Kuchajia Mombasa

Gari limelala limechomekwa, kumekucha na betri iko pale pale ilipokuwa jana. Hukumu ya kwanza gereji huwa ni kwamba tundu la kuchajia limekufa, na bei ya tundu jipya hutajwa kabla mtu hajashika multimita. Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi. Umeme unapotoka ukutani hadi kwenye betri kubwa hupitia soketi, plagi, boksi la chaji, kebo, kichwa cha kebo, tundu, kisha chaja iliyomo ndani ya gari, na yote hayo yanasubiri betri ndogo ya volti 12 iamshe kompyuta za gari. Tundu ni kiungo kimoja tu katika mnyororo huo, na kulifikia ni lazima uvue bampa au ubavu wa gari. Anza ukutani, uufuate mnyororo hatua kwa hatua, tundu liwe la mwisho kufunguliwa.

Pwani ina adui wake wa pekee. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hutua kila mahali, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu ukipita takriban asilimia 75. Usiku wa Nyali, Likoni au Bamburi unyevu hupita hapo mara kwa mara. Ndiyo maana tundu moja linaweza kufanya kazi saa nane mchana na kukataa saa kumi alfajiri. Ukiona ubovu unaofuata saa za siku namna hiyo, shuku chumvi kabla ya kushuku kifaa.

Jua tundu lako

Magari yaliyotumika kutoka Japani, Nissan Leaf likiwa ndilo linaloonekana zaidi, yana tundu la Aina ya 1 lenye pini tano kwa chaji ya kawaida, na kando yake tundu kubwa la CHAdeMO kwa chaji ya kasi. Magari ya soko la Ulaya yana Aina ya 2 yenye pini saba, na mengi yameongezewa pini mbili nene za DC (umeme wa chaji ya kasi) chini yake, yaani CCS. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China huja na GB/T, ambalo la chaji ya kawaida linafanana sana na Aina ya 2 kwa umbo, ila pini zimegeuzwa: upande ambao ungetarajia pini ukaona mashimo. Kichwa cha Aina ya 2 hakiingii hapo bila adapta, na kulazimisha huvunja plastiki ya ndani.

Katika aina zote, pini nene hubeba umeme wenyewe (laivu na nyutro), moja ni ya ethi, na mbili nyembamba ni za mazungumzo. Ya kwanza kati ya hizo nyembamba huitwa CP: kupitia hiyo boksi huliambia gari ampea ngapi zinaruhusiwa, na gari hujibu kwamba liko tayari. Ya pili huitwa PP, nayo huliambia gari kwamba kichwa kimeingia. Kwenye GB/T hiyo ya pili huandikwa CC.

Urefu wa pini si sawa, na jambo hili linafaa kukumbukwa. Ethi hugusa kwanza na kuachia mwisho. CP hugusa mwisho na kuachia kwanza. Mchanga kidogo ulioganda ndani ya tundu, unaozuia kichwa kisifike mwisho kwa milimita mbili tu, utaiacha CP bila mguso ilhali pini nene zimeshikana vizuri. Kwa macho kila kitu kimeingia, lakini gari halina habari.

Jambo la pili ni mahali zilipo springi. Kwenye Aina ya 1 na Aina ya 2, tundu la gari lina pini imara, na vishikizo vyenye springi viko ndani ya kichwa cha kebo. Kinacholegea kwanza ni kebo. Kwenye GB/T mambo ni kinyume: vishikizo vyenye springi viko garini, kwa hiyo tundu lenyewe ndilo linalochakaa mapema. Mwenye gari la GB/T ana sababu zaidi ya kulitunza.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa kebo ukutani, usiishie kuichomoa garini. Zima gari na uweke ufunguo mbali nalo. Pini za chaji ya kawaida hazina umeme kebo ikiwa imetolewa, lakini pini za DC za CCS na CHAdeMO zinategemea kontakta (swichi kubwa za umeme ndani ya gari) kuwa zimeachia. Kontakta ikiungana kwa joto, pini hizo zaweza kubaki na volti 350 au zaidi huku gari limezimwa. Zipime kwa multimita ya daraja la usalama la CAT III 1000 V na ncha zilizofunikwa. Ukisoma zaidi ya volti 60 DC, funga kifuniko na usimruhusu mtu akaribie mpaka afike fundi wa magari ya umeme.

Nyaya za rangi ya machungwa hazifunguliwi na fundi wa kawaida. Anayezifungua hutoa kwanza kichwa hasi cha betri ya volti 12, huchomoa plagi ya huduma ya betri kubwa, husubiri dakika 10 au zaidi ili umeme uliobaki kwenye kapasita ushuke, hupima tena, na huvaa glavu za mpira za volti 1000. Glavu za bustani au za kuchomelea hazifai.

Umechomeka, na gari liko kimya kabisa

Hakuna taa, hakuna mlio, hakuna kontakta inayogonga. Tazama boksi la chaji kwanza. Likiwa halina taa, ubovu uko nyuma yake: tokeni zimeisha, RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) imeruka, au fyuzi ya 13 A ndani ya plagi imekatika. Chomeka pasi kwenye soketi ile ile. Taa ya chumbani haitoshi kuithibitisha soketi, kwa sababu mara nyingi iko kwenye laini nyingine.

Boksi likiwa na taa, nenda kwenye betri ya volti 12. Gari la umeme haliwezi kuanza kuchaji betri kubwa ikiwa ile ndogo haina nguvu ya kufunga kontakta, na joto la Mombasa huipunguzia betri hiyo umri. Gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwa chaja ya pembeni kisha ujaribu tena. Ikishuka chini ya 12, usiendelee na vipimo vingine, kwa maana kompyuta za gari zitakupa makosa ya uongo.

Halafu saa ya kuchaji. Leaf nyingi za Japani zina menyu ya Kijapani, na mwenye gari wa kwanza aliweka chaji ianze usiku wa manane kwa saa za Tokyo. Bonyeza kitufe cha kuchaji mara moja, au ingia kwenye menyu ukafute ratiba. Ni jambo dogo linaloonekana la kijinga hadi mtu anunue tundu kwa sababu yake.

Ikiwa yote hayo ni sawa, pima PP. Kwenye kichwa cha kebo ya Aina ya 1, kati ya PP na ethi, multimita isome takriban ohmu 150 kitufe cha kuachia kikiwa hakijabonyezwa, na takriban 480 kikibonyezwa. Ikibaki 480 hata umeachia kidole, swichi ndogo ya ndani imekwama, na gari huamini kwamba unaichomoa kila wakati. Mchanga wa pwani huingia sana chini ya kitufe hicho. Jaribio la haraka: chomeka, kisha inua kitufe kwa kidole kuelekea juu. Chaji ikianza, umepata jibu, na tundu halina hatia. Upande wa gari, gari likiwa macho, kati ya PP na ethi ya tundu utasoma takriban volti 4.5 bila kebo. Sufuri maana yake waya wa PP umekatika au umeliwa na kutu nyuma ya tundu, au gari bado limelala.

Kwenye kebo ya Aina ya 2 inayotoka pande zote mbili, PP ina kizuizi kinachotaja uwezo wa kebo: ohmu 1500 kwa 13 A, 680 kwa 20 A, 220 kwa 32 A na 100 kwa 63 A. Kutu kwenye pini hii huongeza ohmu. Kebo ya 32 A inayosomwa 600 itachaji polepole bila kutoa kosa lolote, na wengi hulaumu chaja ya ndani.

Gari limeona kebo, lakini chaji haianzi au boksi linawaka taa nyekundu

Hapa mazungumzo ya CP yamevunjika au boksi limekataa mazingira ya nyumba. Pima CP kwenye kichwa cha kebo kisichochomekwa garini, boksi likiwa na umeme: kati ya CP na ethi iwe volti +12 za DC. Ukikosa, boksi au kebo ndiyo mbovu. Ikiwa +12 ipo na kebo hiyo inachaji gari jingine, rudi kwenye tundu: tazama pini ya CP kwa tochi, imeingia ndani, imepinda, au ina rangi ya kijani? Kijani ni kutu ya shaba, maana yake fedha iliyopakwa juu imekwisha.

Volti +12 hushuka hadi 9 gari likichomekwa na hadi 6 likianza kuchaji, ila baada ya kuchomeka boksi hutuma mapigo 1000 kwa sekunde kati ya volti hiyo chanya na hasi 12, na multimita ya kawaida huonyesha wastani wake. Ukiona namba hasi, kama −8, usishtuke. Kwa boksi la 10 A ni kawaida. Kusoma mapigo yenyewe kunahitaji osiloskopu.

Lakini Mombasa, sababu kubwa ya taa nyekundu ni ethi. Nyumba nyingi za zamani, Mji wa Kale na kwingineko, zina soketi zenye shimo la ethi lisilo na waya nyuma yake. Kwingine waya upo, umefungwa kwenye fimbo fupi iliyopigiliwa katika matumbawe makavu yasiyopitisha umeme vizuri. Friji na televisheni hazilalamiki. Boksi la chaji hulalamika, na linafanya haki, kwa sababu gari ni chuma kinachoguswa na watoto huku kikiwa kimesimama kwenye matairi ya mpira.

Pima kwenye soketi: laivu na nyutro isome karibu 240, laivu na ethi isome karibu vivyo hivyo, nyutro na ethi iwe volti chache tu. Ukisoma kama 120 kati ya laivu na ethi na namba inayumba, ethi hiyo inaelea. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati) aipime kwa kipimo cha ethi na aongeze fimbo inayofika kwenye udongo wenye unyevu. Mazoea ya kumwagia fimbo maji ya chumvi ili ishike yanasaidia kwa muda kisha yanaila fimbo yenyewe. Na usikubali kamwe fundi anayeunganisha shimo la ethi na nyutro nyuma ya soketi ili "boksi linyamaze". Nyutro ikikatika barabarani, bodi nzima ya gari huwa na volti 240.

Stima ikipotea na ukahamia jenereta au inveta ya sola, taa nyekundu hiyo hiyo yaweza kutokea hata nyumba yenye ethi nzuri. Jenereta nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro na ethi, hivyo boksi halioni ethi. Muungano huo hufanywa kwenye jenereta na fundi, pamoja na swichi ya kubadilisha inayotenganisha kabisa umeme wa Kenya Power. Inveta ya mawimbi ya mraba isitumike kwa gari.

Chaji inaanza, kisha inakata baada ya dakika kadhaa

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako mwingi, kwa sababu ndiyo inayounguza matundu na ndiyo inayochoma nyumba. Chanzo karibu kila mara ni joto mahali pa mguso.

Hesabu yake ni rahisi. Joto linalozalishwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mguso uliochafuka wenye ohmu 0.05, ambao multimita ya kawaida haiwezi hata kuupima kwa uhakika, hutoa wati 5 kwenye ampea 10. Kwenye ampea 32 hutoa wati 51, zikiwa zimefungiwa katika pini moja iliyozungukwa na plastiki. Plastiki hulainika, pini hulegea, ukinzani hupanda, joto huongezeka. Matundu mengi, hasa ya CCS, yana kihisi joto kinachokata chaji au kuipunguza. Tundu la Aina ya 1 la zamani laweza kukosa kihisi kabisa, na hapo dalili ya kwanza ni harufu.

Kwa hiyo jaribio bora halihitaji kifaa: punguza mkondo. Boksi lenye swichi ya ampea liweke 6 au 10, au weka kikomo kwenye menyu ya gari. Ukipunguza mkondo nusu, joto hushuka hadi robo. Gari likichaji usiku mzima kwa 10 A na kukata kila mara kwa 32 A, ni mguso. Likikata kwa 6 A baada ya muda ule ule, tafuta kwingine: volti ya nyumba, chaja ya ndani, au kihisi chenyewe.

Kisha tafuta mguso upi. Chaji kwa nusu saa, simamisha, chomoa mara moja na upime kwa kipimo cha joto cha miale. Elekeza kwenye plastiki inayozunguka pini. Chuma chenye kung'aa hudanganya kipimo. Linganisha laivu na nyutro. Zote mbili zikilingana, tena kwa joto la kiasi tu, ni mzigo wa kawaida. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake kwa nyuzi 15 au 20, hiyo ndiyo yenye ubovu. Ikizidi nyuzi 50 juu ya joto la hewa ya pale, usichaji tena kabla ya kurekebisha.

Usisahau ncha ya ukutani. Plagi ya 13 A ilitengenezwa kwa birika linalochemka dakika tano, na kubeba ampea 10 kwa saa nane mfululizo ni kazi nyingine. Soketi ya bei ya chini huwa kahawia kuzunguka shimo la laivu, na fyuzi ndani ya plagi hupata moto hadi hushikana na vishikizo vyake. Gusa plagi baada ya saa moja. Usipoweza kuishika kwa raha, badilisha soketi kabla ya yote. Ukitumia kebo ya kuongezea urefu, iwe ya shaba ya 2.5 mm² na iwe imekunjuliwa yote. Iliyobaki imeviringwa kwenye pipa lake huyeyuka.

Pima pia kushuka kwa volti. Soma volti kwenye soketi kabla ya kuchaji, kisha gari likichaji. Ikishuka kutoka 240 hadi 228 kwa ampea 10, kuna wati 120 zinazopotea kuwa joto kwenye nyaya zinazoleta umeme hadi soketi hiyo, na huenda nusu yake iko katika kiungo kimoja kilicholegea. Jioni, majirani wote wakiwasha pasi na hita za kuogea, volti inaweza kuwa tayari imeshuka, na chaja ya gari hujiondoa. Jaribu tena baada ya saa sita usiku kabla ya kumlaumu mtu.

Mwisho wa hatua hii, kihisi joto. Kwenye matundu ya CCS yenye kihisi cha aina ya PT1000, kihisi kizima husoma ohmu 1000 kwenye nyuzi 0 na takriban 1117 kwenye nyuzi 30. Kikionyesha ukinzani usio na mwisho au thamani ya nyuzi 100 gari likiwa baridi, chaji itakataliwa ingawa pini ni safi. Magari mengine hutumia vihisi vya aina tofauti, hivyo angalia kitabu cha huduma cha gari lako.

RCD inaruka, au gari linaandika kosa la insulesheni (kizio cha umeme)

Uliza kwanza: RCD inaruka lini? Ikiruka mara tu unapochomeka, kabla ya gari kuanza, ni kebo au boksi. Ikiruka kontakta zinapofunga, uvujaji uko kwenye tundu, waya wake au chaja ya ndani. Ikiruka alfajiri tu, au siku za masika kati ya Aprili na Juni, ni maji ya chumvi.

RCD ya nyumbani hukata kwenye miliampea 30, lakini hujumlisha uvujaji wa vifaa vyote vilivyo juu yake. Pampu ya kisima inayovujisha miliampea 12 na friji inayovujisha 8 huliachia gari nafasi ndogo. Lipe gari laini yake na RCD yake ya aina A, si AC.

Matundu yana mashimo madogo ya kutolea maji chini. Vumbi na mchanga huyaziba, na maji ya mvua au ya kuoshea gari hukaa yakizunguka mizizi ya pini. Tafuta shimo hilo, lizibue kwa uzi laini wa nailoni, usitumie waya. Kwenye Leaf tundu liko puani, hivyo kuchaji nje mvua ikinyesha huku kifuniko kikiwa wazi kunaliingiza maji kirahisi, liwekee kivuli. Mashine ya kuosha kwa nguvu isielekezwe kwenye kifuniko hata kikiwa kimefungwa. Na maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi yake. Yakikauka yanaacha utando ule ule wa bahari.

Ikiwa kusafisha na kukausha hakutoshi, fundi hutenganisha tundu pande zote mbili na kulipima kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kati ya kila pini nene na ethi. Tundu zima husoma makumi ya megaohmu. Chini ya megaohmu 1, libadilishwe. Mega isipigwe kamwe waya ukiwa bado umeungana na chaja ya ndani.

Gari lililopita kwenye barabara iliyofurika hadi maji kufikia tundu halichomekwi kabisa kabla ya ukaguzi, hata likionekana kavu.

Kichwa kimekwama, au hakifungi

Aina ya 2 ina pini ndogo ya kufuli inayosukumwa na mota. Ikigoma kuachia, usivute. Sukuma kichwa ndani kwa mkono mmoja ili kuondoa uzito juu ya pini, na ufungue gari kwa rimoti kwa mkono mwingine, mara mbili au tatu. Magari mengi yana kamba ya dharura, nyuma ya pambo la buti au chini ya boneti. Ikiwa kufuli haifiki mwisho, gari hukataa chaji kwa makusudi, hivyo chumvi kwenye pini hiyo huonekana kama ubovu wa tundu. Tone la silikoni kavu kwenye pini ya kufuli linafaa, ilimradi lisifike kwenye miguso ya umeme.

Chaji ya kasi inakubali, ya kawaida inakataa (au kinyume chake)

Leaf: CHAdeMO ina pini zake na mazungumzo yake. Ikifanya kazi wakati Aina ya 1 imekataa, betri na kontakta ni nzima, tafuta kwenye tundu dogo, waya wake na chaja ya ndani. Kwa CCS, CP na ethi hutumika kwa njia zote mbili. Zote zikikataa, anza na pini hizo mbili. DC pekee ikikataa, shuku pini nene za chini, vihisi joto vyake, au insulesheni, kwa kuwa mashine ya kasi hupima insulesheni kabla ya kutuma umeme.

Kusafisha tundu la pwani

Spiriti ya aisopropili huondoa mafuta na kukausha, lakini haiyeyushi chumvi vizuri. Anza na maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa chupa. Soma chupa vizuri: maji, wala si asidi. Kiasi cha 20 ml kinatosha. Lowesha brashi ndogo ya nailoni, sugua kila pini na sakafu ya tundu, futa kwa pamba, rudia mpaka pamba itoke nyeupe. Ndipo upake aisopropili ya asilimia 99, upulize hewa ya shinikizo dogo na uache kifuniko wazi kivulini, feni ikipuliza, kwa nusu saa au zaidi. Fanya vivyo hivyo kwa kichwa cha kebo. Karibu na bahari, mara moja kwa mwezi si nyingi.

Msasa, kisu na waya wa kusugulia sufuria ni marufuku. Pini zimepakwa fedha kwa unene wa maikroni chache, na ikiondoka, shaba ya chini huliwa na chumvi kwa muda mfupi. Fedha iliyogeuka nyeusi kidogo bado inapitisha umeme vizuri. Weusi wenye plastiki iliyovimba ndio wa kuogopwa. Grisi na vaselini zinanasa mchanga.

Likilazimika kubadilishwa

Tundu lililoungua lina mwenzake aliyeungua: kichwa cha kebo. Ukiweka tundu jipya na kuchomeka kebo ile ile yenye springi zilizolegea, pini mpya zitaungua kwa njia ile ile. Badilisha vyote viwili, au angalau kichwa, kama kebo yenyewe ni nzima.

Ukinunua la gari lililovunjwa, nunua pamoja na waya wake hadi kwenye chaja. Leaf za mwanzo zina chaja ya ndani nyuma, na kuanzia toleo la 2013 iko chini ya boneti, hivyo nyaya zake hazifanani ijapokuwa tundu lina sura ile ile. Angalia pini kwa tochi kabla ya kulipa, na ukatae lolote lenye pini moja yenye rangi tofauti na nyingine.

Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya haidroli, visichomelewe kwa risasi ambayo hulainika kwa joto. Skrubu zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari. Raba za nyuma ya tundu zirudi mahali pake bila kupinda, na mrija wa maji uelekee chini. Futa makosa kwa mashine ya uchunguzi, kisha uchaji kwa 10 A nusu saa, upime joto la pini zote, uongeze hadi mkondo kamili na upime tena. Pima mara ya tatu baada ya wiki moja ya matumizi, kwa sababu kiungo kilichobanwa vibaya hujionyesha baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa.